Kumbukumbu za mtaa wenu ziende wapi: Hifadhi ya Nyaraka, makumbusho, maktaba ya mtaa au mtandaoni?

Kikundi cha historia ya mtaa huanza kwa bidii ya watu wachache. Mzee mmoja ana albamu, mama mmoja ana kadi za kodi ya nyumba alizorithi kwa baba yake, kijana mmoja ana simu inayorekodi vizuri. Sanduku likishajaa, mabishano yanaanza. Wako wanaotaka kila kitu kipelekwe serikalini kwa sababu huko kuna usalama. Wako wanaoapa kwamba vikienda huko hatutaviona tena. Vijana nao wanauliza kwa nini visiwekwe mtandaoni leo hii, kila mtu aone. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na nawaandikia walio katikati ya mabishano hayo sasa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kitu cha asili, nakala yake, na simulizi linaloandamana nacho ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kinaweza kupata makao yake. Vikundi vingi hugombana kwa kuvichukulia kama mzigo mmoja ambao lazima utuliwe mahali pamoja.

Chukueni hiyo kadi ya kodi. Nimewahi kushika moja ya mtaa wa zamani wa baraza la jiji: karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, namba ya chumba juu, na miraba ya miezi iliyopigwa mihuri. Mihuri inakwenda mwezi baada ya mwezi, halafu inakatika Aprili 1954. Huo ndio mwezi wa msako wa Anvil, wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, ulioanza tarehe 24, wakati wanajeshi na polisi walipoufunga mji wa Nairobi, wakawakamata wanaume kwa maelfu, na wengi wakaishia kambi za Mackinnon Road na Manyani. Kadi yenyewe haisemi neno lolote kuhusu hayo. Binti wa mwenye kadi, ambaye leo ni nyanya, ndiye anayejua baba yake alichukuliwa akiwa njiani kwenda kazini, na mama yake alilala wapi usiku ule. Kadi ikienda kwenye kabati la serikali bila maneno ya binti, itabaki kuwa karatasi ya kodi tu. Maneno ya binti yakibaki bila kadi, mtu ambaye hakumjua atauliza ushahidi uko wapi.

Na haraka ipo. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na tangu hapo haijaacha kuhamisha watu wake. Pangani ya kwanza, kijiji cha Waafrika, ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Miaka 80 baadaye, nyumba za baraza zilizojengwa Pangani nazo zikaangushwa kupisha maghorofa ya mradi wa nyumba za bei nafuu. Mitaa mingine ya umri huo inafuata. Nyumba ikibomolewa, sanduku lililokuwa chini ya kitanda huhamia kwa ndugu Kayole, Ruai au mashambani, na mara nyingi halifiki zima.

Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa

Wapita njia wote wa Moi Avenue wanalijua jengo hili, lile lililokuwa la Bank of India, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Wengi wamesimama nje wakimsubiri mtu. Walioingia ni wachache. Idara yenyewe iliundwa kwa sheria mwaka 1965, na kazi yake kubwa ni kutunza nyaraka za serikali: ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya, barua za idara, mafaili ya ardhi, ya afya na ya kazi. Kwa kawaida faili hufunguliwa kwa umma likishatimiza miaka 30.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kuhusu mahali hapa ni wa kinyume na mnavyotarajia: nendeni kusoma kabla ya kwenda kutoa. Kikundi ambacho hakijasoma faili za mtaa wake hakijui kilicho nacho sandukuni. Mkishasoma mtagundua kwamba barua moja ya malalamiko ya wapangaji mliyo nayo ni jibu la barua iliyoko Hifadhi, na mbili hizo pamoja ndizo zinazotoa picha.

Nguvu ya Hifadhi ni ushahidi na umri mrefu. Tumeona wenyewe thamani ya karatasi iliyotunzwa. Wazee waliopigania haki yao dhidi ya serikali ya Uingereza kwa mateso ya wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 walikwenda mahakamani London na simulizi za miili yao wenyewe. Kisha mwaka 2011 ikabainika kwamba mafaili yaliyoondolewa Kenya kabla ya uhuru yalikuwa yamefungiwa Hanslope Park huko Uingereza miaka yote hiyo. Karatasi na sauti za wazee ziliposimama pamoja, kesi ilipata uzito mwingine, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee zaidi ya 5,200. Jamii ya Wanubi wa Kibra nayo inajua jambo hilo vizuri. Kwa vizazi wametunza barua na vyeti vya babu zao waliotumikia jeshi la King's African Rifles, kwa sababu bila karatasi hizo dai lao la ardhi lingebaki hadithi. Mwaka 2017 walikabidhiwa hati ya ekari 288.

Udhaifu wake ni kwamba Hifadhi imejaa sauti ya aliyeshika kalamu. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika aliyekamatwa na serikali ya kikoloni, aachiliwe, na wakapigwa risasi. Idadi ya vifo iliyotolewa na serikali ilikuwa chini sana ya ile iliyotajwa na Waafrika waliokuwapo. Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakabili wanaume kwa kuinua nguo yake mbele yao ili waone haya na kusonga mbele, ametufikia zaidi kwa midomo na nyimbo za watu. Mkitegemea mafaili peke yake mtaandika historia ya mtaa kama ilivyoonekana kutoka ofisini.

Kuna pia shida ya kawaida kabisa. Mama wa Kaloleni hatafunga safari hadi mjini, atoe kitambulisho, ajaze fomu na kuomba faili kwa namba, ili aione picha ya harusi ya dada yake. Kikishaingia huko kiko salama, ila kimetoka mkononi mwa mtaa.

Kama mtatoa, toeni kwa maandishi. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai, alikusanya vitabu, stempu, nguo, vinyago na sanaa kutoka Afrika nzima, na sehemu kubwa ya mkusanyiko huo iko leo katika ghorofa ya chini ya Hifadhi. Nyumba yake ya Muthaiga, iliyokusudiwa kuwa taasisi ya utafiti, ilibomolewa. Vitu vilivyoingia kwenye jengo la umma vilipona, nia njema iliyobaki kuwa ahadi haikupona. Mkataba wenu na taasisi yoyote useme kama mnatoa zawadi au mnaazima, nani anaruhusiwa kunakili, familia itapata vipi nakala, jina la mtoaji litaandikwa wapi, na kitu kitarudi kwa nani taasisi isipokihitaji tena.

Makumbusho

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu ni vikundi vichache vyenye vitu vinavyohitaji makumbusho. Makumbusho hupenda kitu chenye umbo: cherehani, taa ya reli, sare, ngoma, kibuyu. Vinavyoonyeshwa ni sehemu ndogo ya vinavyotunzwa. Vingine hukaa ghalani miaka mingi. Kama wazazi wenu walikuwa wafanyakazi wa reli, watu wa Muthurwa au Makongeni, ningeanzia Makumbusho ya Reli, yaliyopo tangu 1971, kabla ya kupanda Museum Hill kwenye makumbusho ya taifa.

Makumbusho hufaa hasa mkiwa na jambo la kuonyesha kwa umma na mko tayari kulifanyia kazi pamoja nao. Mwaka 2000 Waasia wa Kenya walifanya hivyo katika makumbusho ya taifa Nairobi: maonyesho ya urithi wao, yakianzia kwa mafundi na vibarua wa reli, wenye maduka, hadi wapigania haki. Waliomjua Mhindi kama mwenye duka tu walikutana humo na Makhan Singh wa vyama vya wafanyakazi. Jamii ilileta vitu na kumbukumbu, makumbusho yakaleta ukumbi na utaalamu. Hiyo ni njia tofauti kabisa na kupeleka sanduku na kuliacha mlangoni.

Maktaba ya mtaa

Ukiniuliza chaguo langu kwa nakala, ni hili.

McMillan, pale Banda Street, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa sehemu kubwa ya wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kukanyaga humo kusoma. Leo ni mali ya umma wa Nairobi, pamoja na matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, limeyakarabati matawi hayo kwa ushirikiano na kaunti, na limekuwa likiigeuza hazina ya McMillan kuwa ya kidijitali. Tawi la Kaloleni liko katikati ya mtaa wenyewe, si mbali na ule ukumbi uliojulikana kama bunge la Waafrika katika siku za siasa za kudai uhuru. Mtoto anayefanya kazi ya shule anaweza kuingia na sare yake. Mzee anaweza kuja kutoka nyumbani kwa miguu, akae, afungue faili la picha na kusema, "Hapa mmekosea jina." Sauti hiyo ya kusahihisha huwezi kuipata Moi Avenue, kwa sababu anayejua jina hafiki huko.

Maktaba ina mipaka. Haina chumba chenye hewa inayodhibitiwa kwa ajili ya karatasi za zamani, na rafu zake ni za vitabu vinavyoguswa na kila mtu. Ipeni faili la nakala zilizochapishwa vizuri, maandishi ya simulizi yaliyofungwa kama kijitabu, ramani ya mtaa iliyoandikwa majina ya zamani. Kijitabu chenu mkitaka kitambulike kama kitabu, namba ya ISBN inatolewa na Huduma za Maktaba za Kitaifa. Kitu cha asili kimoja kisicho na mwenzake kisikae rafuni humo.

Chumba chetu wenyewe

Wazo la kuwa na chumba cha kumbukumbu kwenye ukumbi wa mtaa linavutia sana, na ninaelewa kwa nini. Ni chetu, tunafungua tunapotaka, hatuombi ruhusa. Lakini tujiulize nani ana ufunguo, na akihama atampa nani. Mvua za Machi hadi Mei zikivuja kwenye paa la vigae vya zamani, nani atakuwa karibu? Mchwa hawangoji kikao. Na kumbi nyingi za Eastlands ni za kaunti, kwa hiyo mnaweza kuambiwa mhame bila kosa lolote.

Kama bado mnakitaka, jisajilini kwanza. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka angalau watu kumi na katiba yenu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kutia sahihi mkataba na kaunti au na taasisi. Marafiki wanaokutana Jumapili hawawezi. Na chumba kiwe cha maonyesho ya nakala na mazungumzo. Katika kazi hiyo hakuna mahali panapokishinda, kwa sababu watu huzungumza kwa uhuru wakiwa kwao.

Mtandaoni

Wanaolinganisha gharama huishia hapa haraka. Kundi la WhatsApp ni bure, ukurasa wa Facebook ni bure, na aliyehamia Mombasa au Minnesota anaweza kuona na kuongeza maneno yake. Nimeona picha ya timu ya mpira ikipata majina ya wachezaji wote kwa jioni moja, kazi ambayo ingechukua muda mrefu kwa kutembea nyumba kwa nyumba. Kwa kukusanya na kwa kutambua watu, mtandao hauna mshindani.

Kwa kutunza, sivyo. WhatsApp hupunguza ubora wa picha unapoituma kwa njia ya kawaida, na maelezo ya tarehe yaliyofichwa ndani ya faili hupotea. Mkilazimika kuitumia, tumeni picha kama faili la waraka, si kama picha. Kundi likipoteza msimamizi, simu ikiibiwa Gikomba, akaunti ikifungwa, kila kitu kinakwenda nayo. Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, ni afadhali kwa sababu faili lenu hukaa kama mlivyolipakia, na mtu yeyote anaweza kulipakua. Hata hivyo isiwe nakala pekee. Kanuni ya watunza kumbukumbu za kidijitali ni nakala tatu, katika vyombo viwili vya aina tofauti, moja ikiwa nje ya jengo mlilomo. Kwa kikundi cha mtaa hizo ni diski mbili za nje zilizo kwa watu wawili wanaokaa mitaa tofauti, na moja mtandaoni.

Jambo zito zaidi mtandaoni ni madhara kwa watu. Wakati wa msako wa 1954 walikuwapo gakunia, watu waliofunikwa magunia yaliyotobolewa matundu ya macho, wakitikisa kichwa kumwonyesha askari nani achukuliwe. Watoto na wajukuu wa pande zote mbili bado wanaishi mtaa mmoja, wanaswali au wanaabudu pamoja, wameoana. Mzee akimtaja jirani kwa jina kwenye rekodi, na rekodi hiyo ikawekwa hewani, mmewasha moto ambao hamwezi kuuzima. Hali ni hiyo hiyo kwa simulizi za vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007, na kwa mambo ya ndoa na ugonjwa. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inawahusu walio hai, nanyi mkiwa mnakusanya majina, sura na sauti zao mna wajibu wa kuomba idhini. Kwa upande huu Hifadhi au maktaba zinauzidi mtandao mbali sana, kwa sababu mnaweza kuweka rekodi kwa masharti: isifunguliwe hadi mwaka fulani, au isikilizwe tu na aliyekuja mwenyewe. Mtandaoni, kilichotoka kimetoka.

Karatasi au sauti?

Vikundi vyenye fedha kidogo huniuliza waanze na lipi: kuskani picha au kurekodi wazee. Jibu langu ni sauti, bila kusita, na picha ziwe mezani wakati wa kurekodi.

Karatasi iliyoko sandukuni leo itakuwapo mwakani, mvua na mchwa wakipenda. Mzee hana ahadi hiyo. Na picha bila maneno hupotosha. Fikiria picha ya harusi kutoka Majengo ya Pumwani, nyuma imeandikwa neno moja tu, "Arusi". Kijana ameketi na bibi mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, kinasa sauti kiko mkekani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sogea, hapo kuna jua."

"Huyu aliyeshika mwavuli ni nani? Mama wa bibi harusi?"

"La. Huyo ndiye mwenye nyumba. Nyumba nzima yake, vyumba sita. Bwana harusi alikuwa mpangaji wake, ndiye aliyemsimamia."

Kwa sentensi hizo picha imebadilika. Wanawake wenye nyumba zao wenyewe walikuwapo Pangani na Pumwani tangu siku za mwanzo za mji, wengi wao wakiwa wamejenga kwa fedha za jasho lao, na katika faili za baraza mara nyingi wanaonekana kama kero ya afya na maadili. Bibi yule anamjua kama mlezi wa watu.

Rekodini katika lugha ya msimulizi. Nairobi hii ina mtu atakayesimulia utoto wake kwa Kinubi, kwa Kikamba, kwa Kisomali cha Eastleigh, kwa Kigujarati cha Ngara, kwa Kiluo cha Kaloleni au kwa Sheng ya Jericho. Akilazimishwa Kiswahili cha redioni atatoa muhtasari. Mwacheni aseme lugha yake, kisha kijana wa lugha hiyo aandike na kutafsiri, na yote mawili yatunzwe. Anzeni kila rekodi kwa kutaja tarehe, mahali na nani yupo. Epukeni chumba cha mabati wakati wa mvua. Tumieni programu inayohifadhi faili la WAV, lisilopunguza ubora wa sauti, na mwisho wa mazungumzo muulizeni tena msimulizi kama bado anaridhia, kwa sababu mwanzoni hakujua atasema nini.

Kuhusu picha zenyewe: msiandike nyuma kwa kalamu ya wino, wino hupenya na kutokeza usoni. Penseli laini inatosha kwa picha za karatasi za zamani. Zile za rangi zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, hivyo ziwekwe kwenye bahasha na bahasha ndiyo iandikwe. Albamu zenye gundi na karatasi ya nailoni juu zinakula picha polepole. Skanini ukurasa mzima kwanza kwa 600 dpi kabla ya kujaribu kubandua. Selotepu isiguse kitu chochote mnachokipenda.

Nani anasimulia mtaa?

Swali hili halitatuliwi na jengo lolote mtakalochagua, na hapa ndipo ninapoona vikundi vizuri vikiharibika. Mzee mmoja mwenye kumbukumbu kali na sauti nzuri hugeuka kuwa historia ya mtaa mzima. Anarekodiwa na kila mwanafunzi wa chuo. Anachosimulia ni kweli, lakini ni kweli ya mwanamume, wa kabila fulani, aliyekuwa na kazi ya mshahara. Shauri Moyo ya mwenye kibanda cha chakula ni nyingine. Eastleigh ya familia ya Kisomali iliyopo tangu kabla ya uhuru inatofautiana na ya Mhindi aliyeuza nyumba na kuhamia Parklands, na ya Mkikuyu aliyenunua nyumba hiyo hiyo. Nyumba moja, simulizi tatu, na zote ziwekwe kwenye faili moja bila kuamua nani mshindi.

Matembezi ya mtaani yanasaidia katika hili kuliko maonyesho. Mkipita Kariakor, soko lililobeba jina la wapagazi wa Vita vya Kwanza, kisha Pumwani na Kaloleni, kila kituo kinaweza kusimuliwa na mtu wa hapo. City Park peke yake inatosha asubuhi nzima: humo amelala Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru aliyeuawa mwaka 1965, na si mbali naye Murumbi, rafiki yake, aliyetaka kuzikwa karibu naye. Wageni walipe kidogo, na fedha hizo ziwanunulie bahasha na diski.

Basi mchague vipi

Kama sanduku lenu lina nyaraka zinazoweza kuthibitisha haki ya mtu, yaani barua za ardhi, vyeti vya jeshi, vipande (vitambulisho vya Waafrika wakati wa ukoloni), hukumu, kumbukumbu za vikao vya chama cha wapangaji, skanini zote na ombeni Hifadhi ichukue za asili kwa mkataba. Hizo ni nzito mno kwa kabati la nyumbani. Picha za familia ziacheni kwa familia. Chukueni nakala bora, rudisheni albamu siku ile ile, na mwonekane mkirudisha. Mtaa utawaamini na albamu nyingine zitakuja. Nakala na maandishi ya simulizi yaende maktaba ya mtaa. Mtandaoni mweke vile tu ambavyo mwenyewe ameridhia kwa sahihi au kwa sauti, na ambavyo havimtaji mtu mwingine kwa ubaya.

Kikundi cha watu watano wasio na fedha kifanye mambo mawili tu, kurekodi na kupeleka nakala maktaba. Kilichosajiliwa na chenye mwanachama anayejua kompyuta kiongeze diski mbili na Internet Archive. Chenye vitu vya umbo kiandikie makumbusho barua, kikieleza maonyesho kinayotaka yafanyike na nani atasimama kuyaeleza.

Na mkiwa na kaseti, zitangulie kila kitu kingine. Mikanda ya harusi, ya kwaya, ya hotuba za mazishi, ya barua za sauti walizotumiana ndugu wa Nairobi na wa ng'ambo, inachakaa hata ikiwa haijachezwa, na redio za kaseti zinazofanya kazi zinazidi kuwa adimu. Vunjeni kile kipande kidogo cha plastiki ukingoni ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya, zisimamisheni wima mbali na spika, tafuteni redio moja nzuri na waya wa kuunganisha kwenye kompyuta, na mwiteni mwenye sauti, au mtoto wake, awe karibu mnapoicheza.